Je, Wajua? Zana za Wazee wa Lusangi, Kasongo na Kabambare

Je, wajua kwamba mkoa wa Maniema umegawanywa katika zoni za afya 18, na kwamba Lusangi, kule teritware ya Kabambare, ni mojawapo? Kasongo, Kunda, Samba, Salamabila na Kabambare zimo katika orodha hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mfumo huo wa zoni ulijaribiwa Kasongo kabla ya kuenea nchi nzima? Miaka ya 1970 madaktari wa Zaire, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga Kasongo mtandao wa vituo vidogo vya afya vyenye hospitali moja ya kuvitegemeza. Azimio la Alma-Ata juu ya huduma za msingi za afya lilikuja baadaye, Septemba 1978. Katikati ya miaka ya 1980 Zaire ilikuwa na zoni 306. Leo Kongo ina 519. Na mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo, utafiti ambao wataalamu bado wanautaja.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyechomwa sindano ile Kasongo mwaka 1975 leo amevuka miaka 50. Surua haikumchukua. Lakini macho yameanza kumpunguka, magoti yanalia anapopanda kilima, na watoto wake wametawanyika Kindu, Bukavu na Lubumbashi. Safu ya leo ni yake. Teknolojia ilimwokoa akiwa mdogo, na kwa maoni yangu ana haki ya kuisubiri tena mlangoni kwake anapokuwa mkubwa.

Je, wajua kwamba hayuko peke yake? Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa Afrika ilikuwa na watu milioni 69 wenye miaka 60 na zaidi mwaka 2017, na kwamba watafikia milioni 226 ifikapo mwaka 2050.

Je, wajua kwamba kuanzia miaka 40 hivi, karibu kila binadamu hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu? Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja. Si ugonjwa, wala si adhabu ya kusoma sana. Maniema ni nchi ya mchele tangu enzi za misafara ya Waswahili na Waarabu, na mama anayeupeta na kuuchambua ndiye wa kwanza kujua: mawe yanabaki kwenye sahani na watu wanalalamika mezani. Fundi cherehani anamwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano. Katekista na imamu wote wawili wanausogeza ukurasa mbali, mpaka mkono unafika mwisho.

Je, wajua kwamba miwani ya kusomea imekuwepo tangu karibu mwaka 1286, huko Italia, na bado Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 826 wanaishi na upungufu huu bila kusaidiwa? Miaka zaidi ya 700! Hakuna betri, hakuna mtandao, hakuna cha kujifunza. Unavaa, unaona.

Je, wajua faida yake katika kazi ilipimwa kwa mizani halisi? Huko Assam, India, watafiti waliwachukua wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi. Nusu wakapewa miwani ya karibu mwanzoni, nusu wakasubiri. Kiasi cha majani waliyochuma waliopewa kiliwazidi wenzao kwa asilimia 21.7, kwa wenye miaka 50 na zaidi tofauti ikawa asilimia 31.6. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Mwaka 2024 utafiti mwingine, wa Bangladesh, ukaonyesha kuwa kipato cha watu wazima waliopewa miwani kilipanda kwa asilimia 33 ndani ya miezi minane. Nikisoma tarakimu hizo nawaza mara moja mama wa mchele. Nani amewahi kumpimia hasara yake?

Je, wajua kwamba miwani inaweza kutengenezwa bila umeme? Mjerumani Martin Aufmuth, mwalimu wa shule huko Erlangen, alibuni kimashine cha kukunja waya wa chuma kwa mkono, kikatoa fremu ambayo malighafi yake yote, lenzi zikiwemo, hugharimu takriban dola moja. Mafunzo ya kwanza yalifanyika Uganda mwaka 2012. Kijana anayejua kuunga spoku za kinga, yaani baiskeli, ana mikono ya kuifanya kazi hiyo.

Ukinunua miwani sokoni, usiijaribu kwa kutazama barabara. Nenda na sindano yako, au kitabu chako, au konzi ya mchele, ushike pale unapozoea kushika unapofanya kazi. Namba zake huanzia 1 na kupanda kwa robo au nusu. Chagua ndogo kabisa inayokuonyesha vizuri. Na kama hata miwani yenye nguvu haisaidii, au unaona ukungu mbali na karibu, hiyo si kazi ya muuza miwani tena.

Je, wajua kwamba hakuna dawa ya matone inayoyeyusha mtoto wa jicho, yaani ukungu wa lenzi ya jicho? Hakuna. Tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa, ya bandia inawekwa. Na asili ya lenzi hiyo ya bandia ni vita. Daktari Mwingereza Harold Ridley aliona marubani waliojeruhiwa na vipande vya kioo cha plastiki cha ndege zao. Vipande vilikaa ndani ya jicho na jicho halikuvikataa. Akajiuliza kwa nini plastiki ileile isitengenezewe lenzi. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akamwekea mgonjwa wa kwanza. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba lenzi hizo zimetengenezwa pia Asmara, Eritrea? Kiwanda kilijengwa na shirika la daktari Fred Hollows wa Australia, kikafunguliwa mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Kingine kilijengwa Nepal, na India ilikuwa imeanza na Aurolab mwaka 1992. Kabla ya hapo lenzi moja iliuzwa zaidi ya dola 100. Viwanda hivi viliishusha chini ya dola 10. Leo daktari mwenye mkono mzoefu hupasua kwa tundu dogo lisilohitaji kushonwa, kwa dakika chache, bila mashine kubwa ya umeme. Ndiyo sababu kambi za upasuaji zinaweza kuwekwa hata mbali na miji.

Hapa nataka kusimama kidogo. Katika kijiji, upofu wa mzee mmoja huwafunga watu wawili: mzee mwenyewe, na mjukuu anayeshika ncha ya mbele ya fimbo na kumwongoza. Mtoto huyo haendi shule. Picha hiyo inajulikana duniani kiasi kwamba imechongwa sanamu, na moja imesimama makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, Geneva. Tukilihesabu suala la kujitegemea kwa wazee, tumhesabu na mtoto wa fimbo.

Je, wajua kwamba sanamu hiyo inahusu ugonjwa unaoijua vizuri Kasongo? Ni upofu wa mtoni, unaoenezwa na usubi, nzi mdogo anayezaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Mpango wa Afrika wa kupambana nao, uliodumu kuanzia 1995 hadi 2015, ulikuwa na mradi wenye jina la Kasongo miongoni mwa miradi yake ya Kongo. Dawa ni ivermectin. Chanzo chake ni bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Japani na mtafiti Satoshi Ōmura. Yeye na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck imeitoa bure kwa ugonjwa huu.

Na kifaa cha kuigawa je? Kijiti! Wagawaji waliochaguliwa na kijiji chenyewe hawakuhitaji mizani. Walimsimamisha mtu kando ya kijiti chenye alama: kuanzia sentimita 90 kidonge kimoja, kuanzia 120 viwili, kuanzia 141 vitatu, kuanzia 159 vinne. Urefu ukasimama mahali pa uzito. Katika zana zote za safu hii, hiyo ndiyo naiheshimu kuliko zote, kwa sababu mtu asiyejua kusoma aliweza kuitumia bila kukosea, na mzee aliyemeza dawa mwaka baada ya mwaka amebaki na macho yake.

Je, wajua kwamba simu inaweza kupima macho? Daktari Andrew Bastawrous na wenzake walitengeneza programu ya Peek na kuijaribu Nakuru, Kenya. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilifanywa kwa watu wazima wenye miaka 55 na zaidi, wengine wakipimiwa nyumbani kwao, na matokeo ya simu yalikaribiana na ya chati za kliniki. Herufi moja tu hutumika: E iliyogeuzwa huku na huku. Mzee anaonyesha kwa mkono inakoelekea.

Masikio nayo. Je, wajua kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowazuia kuishi kawaida? Kifaa cha kusikia kipo, lakini betri yake ndogo huisha kwa siku chache, na ukiwa Kabambare utainunua wapi? Swali hilohilo liliwasumbua watu wa Otse, kijiji cha Botswana. Mradi wa Godisa ukabuni hapo chaja ya jua ya betri za kusikia, na mafundi waliounganisha vifaa walikuwa viziwi wenyewe. Pale kifaa kisipofika, kaa mbele ya mzee, mwanga ukiangukia uso wako wewe, useme taratibu. Kupiga kelele kunaharibu maneno.

Je, wajua kwamba Radio Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake tano? Kwa mzee anayeishi kando ya njia ambayo watu wenye silaha wameivuruga mara kwa mara, redio ni kifaa cha usalama. Anajua hali ya njia kabla hajatoka.

Na betri zikiisha? Je, wajua kwamba redio ya kukoroga kwa mkono ilibuniwa na Mwingereza Trevor Baylis mwaka 1991, baada ya kutazama kipindi cha televisheni juu ya UKIMWI barani Afrika, na kwamba ilitengenezwa Cape Town?

Je, wajua kwamba mojawapo ya kampuni za kwanza za simu za mkononi Afrika ilizaliwa Kinshasa? Ni Telecel, ya Miko Rwayitare, mwaka 1986. Wakati huo simu ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Leo mzee wa Lusangi anaweza kuwa nayo mfukoni hata kama inambidi apande kilima kutafuta mtandao.

Je, wajua kwamba kubipu, yaani kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa, kumeandikiwa makala ya kitaalamu? Mtafiti Jonathan Donner alichunguza watumiaji wa Rwanda na mwaka 2007 akachapisha kanuni zao: nani anabipu, nani anatakiwa kupiga, lini ni adabu na lini ni usumbufu. Mwenye uwezo ndiye anayelipa. Katika nchi tajiri wazee huvaa kitufe shingoni cha kuita msaada wakianguka. Sisi tunaweza kukubaliana na wazazi: bipu moja kila asubuhi baada ya chai, maana yake nimeamka salama. Bipu isipofika, jirani anatumwa kubisha hodi. Haina gharama, na inafanya kazi kwa simu ya bei ndogo kabisa.

Je, wajua kwamba simu ya vitufe huwafaa wazee wengi kuliko ya kioo? Kidole kilichokauka kwa jembe hakisikiwi vizuri na kioo. Kitufe kinasikika kikibonyea, betri inadumu siku kadhaa, na tochi iko juu. Mwekee namba tatu tu za kubonyeza kwa muda mrefu: mtoto, jirani, mwuguzi. Aliye na simu kubwa naye ana ujumbe wa sauti, ambao WhatsApp iliuleta mwaka 2013. Mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani anatuma barua yake kwa mdomo, kwa lugha yake, na kuyasikiliza majibu mara kumi akitaka.

Je, wajua kwamba M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuvuka kuja Kongo mwaka 2012? Ya Kongo ina mifuko miwili, wa dola na wa faranga. Mtoto aliye Bukavu anatuma, mzazi anapokea bila mtu kubeba bahasha njiani. Hatari iko kwenye namba ya siri. Wazee wengi humpa mjukuu, au hata wakala, kwa sababu maandishi ni madogo na ujumbe mara nyingi uko kwa Kifaransa. Hapa tena miwani inalinda pesa. Mwenye kuona ujumbe wake mwenyewe haibiwi kirahisi.

Je, wajua kwamba alama za vidole hufutika? Miaka 40 ya jembe, mchi na majivu hulainisha mistari ya ngozi, na ngozi ya uzeeni hukauka, mashine ikakataa kumtambua mwenye kidole. Ni tatizo linalojulikana kwa wanaosajili watu. Kwa hiyo kila penye mashine ya kidole panahitajika njia ya pili: picha, jicho, au mtu anayemfahamu mzee. Kumrudisha mama nyumbani mikono mitupu kwa sababu alilima maisha yake yote ni dhuluma, hata kama aliyeifanya ni mashine.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi Aprili 2016, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa? Kiasi kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilifuata na mpango wake wa wenye miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Uganda ilikuwa imetangulia na shilingi 25,000, na miaka ya mwanzo ilizipitisha kwenye simu. Kongo ina mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, wenye umri wa kustaafu wa miaka 60 kwa sheria ya 2016, lakini ni wa waliochangia kazini. Mkulima wa Lusangi hayumo. Simu iko tayari mkononi mwake, mawakala wapo Kasongo; kinachokosekana ni uamuzi.

Je, wajua upande sahihi wa kushika mkongojo? Ni mkono wa upande mzima, si wa mguu unaouma. Goti la kulia likiuma, shika kushoto. Kimo chake: simama umenyooka na viatu vyako, mikono ikining'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini fungia kipande cha tairi kuukuu ili usiteleze. Kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani, na wengi wa wanaokufa ni waliopita miaka 60.

Je, wajua kwamba Moshi, Tanzania, kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, kinachoitwa TATCOT, na kwamba kimefundisha pia utengenezaji wa viti vya magurudumu? Kwa njia zetu kiti kizuri ni cha magurudumu matatu, moja likiwa mbele kabisa. Cha minne cha hospitalini, vigurudumu vyake vidogo huzama kwenye mchanga na kumwangusha aliyekaa.

Giza nalo huangusha. Kongo nzima, mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye mwenye umeme, na vijijini karibu hakuna. Je, wajua kwamba Altech, mojawapo ya kampuni zinazouza taa za jua nchini, iliasisiwa na vijana wawili wa Baraka, teritware ya Fizi, jirani wa Kabambare? Washikala Malango na Iongwa Mashangao walikimbia vita wakiwa wadogo, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na mwaka 2013 wakaanzisha kampuni. Taa moja ndogo yatosha njia ya chooni usiku. Aidha inapunguza koroboi, na moshi wa nyumbani umehusishwa na mtoto wa jicho, hasa kwa wanawake waliopika miaka mingi ndani ya jiko lisilo na dirisha.

Je, wajua kwamba mashine ya kukoboa mchele na kusaga muhogo ni zana ya uzeeni? Mama wa miaka 65 anaweza kuendelea kulima kidogo na kuuza, lakini mabega yake hayauwezi tena mchi. Mashine ikiwa kijijini, bado ni mkulima. Ikiwa mbali, anakuwa tegemezi wa mtu wa kumtwangia.

Na maji. Je, wajua kwamba pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Kwale, pwani ya Kenya? Wabunifu walijiwekea sharti: watu wa kijiji, wanawake wakiwa mbele, waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe bila kusubiri gari la fundi. Mkono wake ni mrefu ili hata mwenye nguvu ndogo aweze kuusukuma. Vipuri vinavyochakaa ni vipete vya mpira na bushi za plastiki, na karibu kazi yote hufanywa kwa spana moja. Pampu kama hiyo karibu na nyumba humpa bibi maji yake bila kuomba mtoto wa mtu. Lakini ikivunjika na spana haijulikani iko kwa nani, anarudi mtoni na ndoo kichwani. Kama kijiji chako kina pampu, uliza leo spana anayo nani, na kama vipete vya akiba vipo.